Mwenye Mji Hanawi wa Kwanza

Kidonda kilikuwa kwenye kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto, na upana wake haukuzidi punje ya hindi. Baba alikipata shambani wakati wa kuvuna uwele. Ndala ilimchubua kutwa nzima na yeye hakusikia kitu, mpaka alipoona damu kwenye mkanda wa ndala akadhani amekanyaga mdudu. Ndivyo inavyowatokea wengi walioishi na kisukari miaka mingi. Mishipa ya fahamu ya miguuni huchoka, na mguu unaweza kuchubuka, kuchomwa na mwiba, hata kuungua, mwenyewe akaendelea na kazi zake. Baba alikuwa katika mwaka wa saba wa ugonjwa huo.

Nilipopata habari, kidonda kilikuwa na wiki tatu. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi huko Issuna, na likizo ya Juni ilikuwa imeanza siku mbili nyuma. Nilipanda basi hadi nyumbani, Misigiri, na kesho yake asubuhi nikaenda naye hospitali. Daktari, kijana mwenye sauti ndogo, alikikagua kidonda, akapima sukari, akatusomea: kumi na tisa, zaidi ya mara mbili ya inavyotakiwa. Halafu akaweka kalamu chini.

"Mzee, dawa ya kidonda ninayo," alisema. "Lakini hakitapona wakati damu ina sukari kiasi hiki. Ni sawa na kumwagilia mche kwa maji ya magadi. Nakupa wiki nne. Teremsha sukari, na kidonda kioshwe zahanati ya kwenu kila baada ya siku mbili. Wiki ya nne nikiona hakijaanza kukauka, tutaondoa kidole."

"Kidole tu?" baba aliuliza.

"Tunaanza na kidole."

Baba alikuwa mkulima mwenye mizinga ya nyuki porini, mwendo wa karibu saa mbili kutoka nyumbani, na maisha yake yote yalikuwa ya kutembea. Pale kijijini alikuwepo mzee mwingine aliyeanza na kidole. Sasa alikuwa akikaa kwenye kiti nje ya nyumba yake tangu asubuhi hadi jioni, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kushonwa. Njia ya kwetu inapita mbele ya nyumba ile. Tulipopita, baba alimpungia mkono, na mzee akampungia pia.

Nilianza kazi kama mwalimu anavyoanza, kwa kutafuta kosa lilipo. Nilianzia kwenye chai. Mama aliapa kwamba sukari ya chai iliondoka mezani tangu mwaka wa kwanza wa ugonjwa, na ilikuwa kweli. Mahali pake palikuwa na chupa ya asali. Baba alikuwa akitia vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku.

"Asali si sukari," alisema. "Sukari inatoka kiwandani. Asali inatoka kwenye maua. Nimekula asali tangu sijaota meno."

Kwetu hilo si wazo la mtu mmoja. Asali hutuliza kikohozi, hupakwa mahali palipoungua, hupelekwa ukweni, na mgeni anayeondoka Singida bila chupa ya asali huonekana kama aliyefukuzwa. Mfugaji wa nyuki kuambiwa asali yake ina kosa ni kama mchungaji wa ng'ombe kuambiwa maziwa ni sumu. Sikumwambia kwamba asali ni mbaya. Nilimwambia nyuki huchukua utamu wa ua na kuukausha mpaka unakuwa mzito, na mwili ukishaupokea hauulizi umeingia kwa mlango gani. Halafu, kwa kuwa maneno ya mtoto hayamtoshi mzazi, nilimpa ile mashine ndogo ya kupimia sukari niliyoinunua Singida mjini. Tulipima kabla ya chai yenye asali na tukapima tena baada ya saa mbili. Alisoma namba mwenyewe, mara mbili, akiwa ameishika mashine mbali na macho.

"Haya," alisema, akampa mama ile chupa. "Iweke kabatini. Haijatupwa, imepumzishwa."

Baada ya asali nikaenda kwenye unga. Hapa mama alikuwa mbele yangu. Alishasikia kliniki kwamba mgonjwa wa sukari aache sembe, ale ugali wa uwele au mtama, na tangu mavuno hakupika kingine. Ushauri ule ni mzuri, ila watu wengi wanausikia nusu. Nafaka isiyokobolewa ina makapi yanayoufanya utamu wake uingie kwenye damu taratibu, tofauti na sembe inayoingia kwa kishindo. Lakini kuingia unaingia. Uwele ni wanga kama mahindi, na mtu akila mlima wa uwele sukari yake itapanda mlima uleule, labda kwa kuzunguka.

Nilichora sahani kwenye vumbi la uwanja kwa kijiti. Nusu yake nikasema ni mboga za majani. Robo moja ni maharage, kunde, yai, samaki au kuku. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, na ukitaka kipimo tazama ngumi yako ukiifunga. Mama alielewa upesi. Baba naye alikubali bila ubishi, akafunga ngumi yake akaitazama.

"Ngumi yangu ni kubwa kuliko ya mama yako," alisema. "Nashukuru."

Vidonge alimeza kwa saa. Zahanati hakukosa. Na kila asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni, tulipima: kumi na sita, kumi na tano, kumi na saba, kumi na sita. Siku kumi zikapita namna hiyo. Kidonda kilikuwa na unyevunyevu uleule, na ngozi iliyokizunguka ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Pale palipo kosa lisiloonekana, watu huanza kumtazama mtu. Mama alianza kumtazama baba.

"Anakula kwingine," aliniambia tukiwa tunachambua mboga. "Ukimwona anakwenda dukani kwa ajili ya betri ya redio, ujue kuna soda."

"Mama, umemwona?"

"Nimeishi naye miaka arobaini, sihitaji kumwona."

Siku hiyohiyo alimwuliza mbele yangu. Baba alikuwa akinoa panga. Aliendelea kunoa kwa muda, kisha akasema kwa utulivu, "Mmechukua sukari nikanyamaza. Mmechukua asali nikanyamaza. Sasa mnaniita mwizi katika mji wangu." Akaingia ndani. Mama akarudi kwenye mboga zake.

Lazima nieleze jinsi chakula kinavyoliwa kwetu, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo. Wanaume hula nje, uwanjani, jua linapokaribia kuzama. Sisi wanawake na watoto hula jikoni. Ugali wa wanaume hutoka ukiwa kwenye sinia moja, na mboga kwenye bakuli moja katikati. Pale nje alikaa baba, mwenye mji, yaani mkuu wa kaya, na mdogo wake ambaye nyumba yake imepakana na yetu, na jirani mmoja fundi baiskeli. Fundi alikuwa mgane, amefiwa na mke miaka mitatu nyuma. Yeye ni Mwislamu na sisi ni Wakristo, kwa hiyo ndiye aliyetuchinjia kuku ili wote tule bila shaka, na kwa sababu ya kuku wale na ya ugane wake, kula kwake kwetu kukawa ni mazoea. Mtu mwingine yeyote aliyepita saa hiyo alikaribishwa, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa mavuno, wapitaji walikuwa wengi. Mimi, tangu nikiwa mtoto, kazi yangu ilikuwa kupeleka sinia, kuwanawisha mikono kwa jagi na beseni, na kurudi jikoni. Yaliyotokea kati ya kunawa kwa kwanza na kunawa kwa mwisho sikuyajua.

Nikaamua baba apakuliwe peke yake. Nilichukua sahani ya bati, nikaipanga kama ile ya vumbini: majani ya kunde nusu, kipande cha kuku, ugali wa ngumi. Nikaiweka mbele yake, na sinia nikaliweka mbele ya wengine.

Baba mdogo, ambaye ni mtu wa mizaha, aliinama akaichungulia sahani.

"Kaka, umeanza kulipia chakula? Hii ni sahani ya hotelini."

Fundi akasema, "Au tumemkosea mzee?"

Kwetu anayepakuliwa peke yake ni mmoja kati ya watatu: mgonjwa anayeambukiza, mtu mwenye ugomvi na wenzake, au mchoyo. Hakuna wa nne. Baba aliisukuma ile sahani kwa kidole, polepole, mpaka ikagusa sinia.

"Mama," aliniambia, maana huniita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, "toa hiki chombo. Mimi siumwi kifua."

Sikukitoa. Niliona kama nikishindwa siku ile nimeshindwa kabisa. Jioni ile hakula, na asubuhi yake, ili anionyeshe, hakunywa hata uji. Alimeza vidonge tu akaenda shambani kufunga magunia. Saa nne mama aliniita kwa sauti ambayo sijaisahau. Baba alikuwa amekaa chini kwenye mabua, jasho linamtiririka na asubuhi ilikuwa ya baridi, mikono inatetemeka, na alipotaka kusema aliyachanganya maneno. Sukari ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Nilikimbilia kabatini nikachukua asali aliyoipumzisha, nikamlambisha vijiko viwili, nikasubiri, nikamlambisha kingine, halafu uji. Baada ya robo saa alikuwa ananiona.

Naliandika hili kwa yeyote mwenye mgonjwa nyumbani. Vidonge vya namna ile vikimezwa na chakula kisiliwe, damu huishiwa sukari, na hilo linaua upesi kuliko sukari nyingi. Njaa si tiba ya kisukari. Mimi nililijua hilo kitabuni, na nikamwacha baba yangu atoke na njaa kwa sababu ya kushindana naye juu ya sahani.

Sahani ya bati ikarudi kabatini. Siku mbili baadaye nilichukua ungo wa karanga, nikakaa na mama kwenye ukuta wa jikoni, hatua chache kutoka pale wanaume walipokuwa wakila, nikawa nabangua. Mtu anayebangua karanga haulizwi kwa nini yuko pale. Nikaanza kuhesabu matonge ya baba.

Walianza watatu: baba, mdogo wake, na mkulima aliyepita na punda. Baba alikula kama nilivyomfundisha, matonge madogo, mboga nyingi. Yalipofika tisa, nikakadiria kwamba ngumi yake imekwisha. Aliegemea nyuma kidogo. Wakati huo fundi akatokea kwenye kona, mikono bado ina grisi.

"Hodi jamani!"

"Karibu, fundi, nawa. Sisi ndiyo kwanza tunaanza," baba alisema, akainama tena mbele.

"Umechelewa," baba mdogo akasema. "Kuku amebakiza miguu."

"Miguu ndiyo naitaka. Kesho nina safari ya Mtinko."

"Kwa baiskeli yako ile? Kula na mabawa basi."

Wakacheka. Fundi alikula kama mtu ambaye hajala tangu asubuhi, na kwa kila matonge matatu ya fundi baba alikata moja, dogo, akalichovya, akalitafuna taratibu. Mwenye punda alinyosha mkono tena. Baba mdogo naye akaendelea. Baba alikuwa akitafuna bila hamu, macho yakiwa barabarani, kama mtu anayesubiri gari. Alipokata tonge la thelathini na moja, fundi alishusha pumzi, akasema ameshiba. Hapo hapo baba akaomba maji ya kunawa.

"Mama," nilimwuliza mama kwa sauti ndogo, "kwa nini baba hakunawa mapema? Alikuwa ameshiba."

Mama alinitazama kama nimemwuliza kwa nini paa liko juu.

"Mwenye mji akinawa, nani ataendelea kula? Akinawa ndiyo kusema chakula kimekwisha. Mwenye mji hanawi wa kwanza."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata babu yako."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Alikuwa amelijua jambo hilo maisha yake yote, na alikuwa ameulizwa habari za sukari kwa miaka saba, na mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana.

Kosa halikuwa la ulafi. Baba alikuwa akila chakula chake, kisha akala cha adabu. Kila jioni tumbo lake lilifungwa na kufunguliwa kwa njaa ya watu wengine, na mavuno yalipokuwa mazuri, na wapitaji wakiwa wengi, sukari yake ilikwenda na msimu. Tulikuwa tumebadilisha kila kilichokuwa ndani ya sinia, na tatizo lilikuwa ni nani anaondoa mkono kwanza.

Nilimwambia kesho yake tulipokuwa tunatoka zahanati. Nilimweleza taratibu, bila kumlaumu, maana hakukuwa na la kulaumu.

"Ulikuwa unahesabu matonge yangu," alisema.

"Thelathini na moja, baba."

"Mwalimu haachi kazi yake hata likizo." Tukatembea kidogo, alikuwa anachechemea. "Fundi kwake hakuna anayewasha moto. Nikinawa saa anapofika, atalala na njaa, na hatarudi tena. Ndivyo unavyotaka?"

"Baba mdogo anaweza kuwa wa mwisho badala yako."

"Atakuwa wa mwisho siku nitakapokuwa chini ya udongo, au kitandani silijui jina langu. Mtu akimwachia mdogo wake sinia, amemwachia mji."

Lakini jioni ile, bila kumwambia mtu, baba alijaribu. Alipomaliza ngumi yake alisema, "Mimi leo nimetosheka, ninyi endeleeni," akaniita nilete maji. Nilikuja na jagi. Aliponawa, mdogo wake alinyosha mikono anawe. Aliyekuwa mgeni siku ile akafanya hivyo hivyo. Fundi, aliyekuwa amerudi kutoka Mtinko na kula matonge manne tu, alinawa wa mwisho, akashukuru, akasema chakula kilikuwa kitamu sana. Sinia lilirudi jikoni likiwa zima upande mmoja. Baba aliwaambia tena waendelee, nao wakamjibu kwa heshima kwamba wameshiba. Fundi aliondoka mapema.

Asubuhi mashine ilisoma kumi na moja. Ilikuwa mara ya kwanza. Hakuna aliyefurahi. Jioni yake tulimngoja fundi, hakuja.

"Kidole kitapona," baba alisema, "na mji utakufa."

Aliyelitatua ni mama. Hakulitatua kwa hotuba. Alikaa jikoni mchana akitwanga karanga, akachemsha majani ya kunde yaliyokaushwa, sufuria nzima, na kabichi sufuria nyingine. Nilimwuliza ni ya nani yote hiyo.

"Wanautazama mkono wa baba yako," alisema. "Hawatazami kilichomo ndani yake. Mkono ubaki pale. Tonge ndilo liondoke."

Ilikuwa rahisi kusema. Kwetu mboga ni ya kusindikiza ugali. Mtoto anayekamatwa akila mboga tupu huchapwa mkono, na mimi nilichapwa, na aliyenichapa ni baba. Mtu mzima kula mboga bila ugali mbele ya wageni ni kama kutoka nje bila shati. Mama aliupakua ule mlima wa majani kwenye bakuli la pili, akaniambia niliweke upande wa baba, lakini palepale kwenye sinia, si pembeni. Kisha akamtuma mtu kwa fundi kwamba kuna kuku wa kuchinjwa.

Fundi alikuja, akachinja, akabaki. Baba alikula ugali wake mpaka ukafikia ngumi. Nilimwona akiitazama ngumi yake. Kisha akapeleka mkono kwenye lile bakuli la pili, akachukua majani matupu kwa vidole vitatu, akayatia mdomoni.

Wote wakaacha kutafuna.

"Kaka," baba mdogo alisema, "tumekuwa mbuzi?"

"Nimekuwa mbuzi," baba akajibu, akachukua mengine. "Mbuzi ana miguu minne yote. Mimi ninayo miwili, na mmoja wanautaka hospitali. Kula, fundi."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Baba mdogo akasema basi yule mbuzi asifike kwenye shamba lake la kunde. Na mikono ikarudi kwenye sinia. Baba alikaa nao mpaka mwisho, akichukua majani kidogo kidogo, akiguguna mfupa wa kuku, akiuliza habari za barabara ya Mtinko. Fundi aliposema ameshiba, baba akaomba maji.

Kesho yake mtu mwingine aliyealikwa alimwuliza kama kweli mtu hushiba majani. Baba alimweleza, kwa sauti yangu kabisa, habari za nusu na robo na robo, na akachora sahani vumbini kwa kidole. Mama alicheka jikoni mpaka akafunika mdomo kwa kanga.

Mashine ilisoma kumi na mbili, kumi, kumi na moja, tisa. Siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani mwingine ilipanda hadi kumi na nne, kwa sababu ya pilau, na kesho yake ikashuka. Sikumlaumu kwa pilau. Mtu anayebadili ulaji akianguka siku moja hajaanguka, amejikwaa. Kibaya ni kukata tamaa na kulala pale chini. Kidonda kwanza kiliacha kutoa maji. Kisha ukingo wake ukawa na ngozi nyembamba, nyekundu isiyokolea.

Siku ya ishirini na nane tulirudi hospitali. Baba alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Daktari alifungua bandeji, akabonyeza kuzunguka kidole, akakivuta karibu na taa. Baba alikuwa akitazama ukutani, kwenye picha ya mama anayenyonyesha, kama vile mguu ule si wake.

"Mzee," daktari alisema, "hiki sitakikata."

"Leo?"

"Leo, na kama ukiendelea hivi, hata mwezi ujao. Kinapona. Mmefanya nini?"

Baba alifikiri. Nilidhani atasema habari za asali au za mbuzi. "Nimejifunza kula," alisema, "na wageni wangu wameshiba."

Daktari hakuelewa, lakini aliandika kitu. Kisha akasema apewe mguu wa pili, auangalie nao, na akatuonyesha jinsi ya kukagua nyayo kila siku: katikati ya vidole, kisigino, chini ya kidole gumba. Vaa viatu vilivyofunikwa, ukung'ute kiatu kabla ya kuvaa, usioshe miguu kwa maji ya moto ambayo hukuyapima kwa kiwiko. Baba alisema macho yake hayaoni chini ya unyayo. Daktari akasema basi amtafute mwenye macho.

Kidonda kilifunga baada ya wiki nyingine sita, mimi nikiwa nimerudi Issuna. Ukucha haukuota tena. Sukari yake haijapona na haitapona. Anameza vidonge, anapima, na kuna wiki namba zinapanda na hatujui kwa nini. Nilipokwenda Desemba niliwakuta uwanjani baada ya wanaume kunawa na kuondoka. Baba alikuwa kwenye kigoda, amenyosha mguu, na mama amekaa kwenye mkeka mbele yake, unyayo wake umepakatwa mapajani. Nilikuwa sijawahi kuwaona wazazi wangu wakigusana mchana. Mama aliuinua mguu kuelekea kwenye mwanga uliobaki, akapitisha kidole gumba katikati ya kila kidole, akahesabu kwa Kinyiramba, moja hadi tano, akauchukua mguu wa pili akaendelea mpaka kumi, kisha akauweka chini na kusema, "Haya, vaa."